Kamyo kuchemka kwenye barabara ya Fizi: desturi zetu zilitoka wapi, na namna ya kutafuta ugonjwa

Makobola, Fizi. Kila anayetumia barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka anaijua hali hii. Kamyo imesimama pembeni, kabini imefunguliwa, mvuke unapanda, na boyi-shofere anateremka ziwani na bidoni mkononi. Juu ya mizigo wamekaa akina mama na watoto, katikati ya magunia, magodoro na kuku. Wakati wa amani, hapo mtu anapoteza saa mbili au tatu. Wakati wa vita, familia iliyokwisha kuacha nyumba yake inajikuta imekaa mahali ambapo isingechagua kukaa, giza linaingia, na mbele haijulikani kuna nini.

Kwa hiyo, wapenzi wasikilizaji na wasomaji, kamyo kuchemka si habari ya makanika peke yao. Inamhusu kila anayepanda juu ya mizigo. Leo tunaeleza historia ya jambo hili, kwa sababu ndani ya historia hiyo ndimo ilimo dawa. Mambo mengi tunayoyafanya kwa kamyo zetu yalianza kama msaada wa siku moja, wakati vipuri vilikuwa havipatikani. Siku ile ilipita, lakini msaada ukabaki, ukageuka desturi. Leo desturi hizo ndizo zinazoua motere.

Kwa nini motere inakunywa maji

Motere inachoma mazuti ili ipate nguvu ya kusukuma magurudumu. Lakini sehemu ndogo tu ya moto ule inageuka kuwa nguvu. Sehemu nyingine inatoka kwa bomba la moshi, na karibu theluthi moja inabaki katika chuma, ikitafuta pa kwenda. Isipoondolewa, chuma kinapanuka, pistoni zinashika, kichwa cha motere, ambacho makanika wanakiita kilasi, kinapinda.

Gari la kwanza la Mjerumani Karl Benz, lililopata hati mwaka 1886, lilikuwa na njia rahisi: maji yanazunguka silinda, yanachemka, yanakwenda hewani kama mvuke, na mwenye gari anaongeza mengine. Yaani gari la kwanza lilichemka kila siku, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kawaida. Mwaka 1900 na 1901 Wilhelm Maybach alitengeneza radiateri ya gari la Mercedes yenye vijibomba vidogo zaidi ya 8,000, ventilateri ikivuta hewa katikati yake. Maji yale yale yakaanza kuzunguka: yanabeba moto kutoka kwenye motere, yanauacha hewani, yanarudi. Radiateri ya kamyo ya leo ni mjukuu wa ile.

Meli ina ziwa chini yake, inachota maji ya kupoza muda wote. Kamyo haina bahati hiyo. Inabidi ibebe ziwa lake dogo, lita chache, na kuyatumia maji hayo hayo tena na tena. Ziwa hilo dogo likipungua, likiziba au likisimama bila kuzunguka, safari imekwisha.

Mashine zenye kiu kwenye Ziwa Tanganyika

Kiu ya mashine haikuanza na kamyo katika nchi hii. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani utawala wa Ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, halafu kwa treni hadi Fungurume katika Katanga. Kutoka hapo hapakuwa na reli. Mashua zilivutwa zaidi ya kilomita 200 kupita milima ya Mitumba, kwa ng'ombe, kwa mikono ya watu, na kwa mashine mbili kubwa za mvuke.

Mashine zile zilikunywa maji kuliko ng'ombe wote. Mahali ambapo mito ilikuwa imekauka, wanawake wa vijiji vya njiani walikodiwa kubeba maji kwa mitungi, wakitembea mbali, ili mashine isizime. Mashua zilifika Lukuga, ambako leo ni Kalemie, na Desemba 1915 zikaanza kupigana. Vitabu vingi vinamtaja mkuu wa safari ile, Geoffrey Spicer-Simson. Wanawake waliobeba maji hawatajwi majina. Lakini bila mitungi yao chuma kile kingebaki porini. Boyi-shofere anayeteremka na bidoni leo anafuata nyayo zao.

Meli Liemba nayo ni ya zamani zile. Wajerumani waliita Graf von Goetzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiinua, ikarudi kazini mwaka 1927. Ilitembea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipowekewa motere za mazuti. Wazee wetu wanaikumbuka kwa sababu nyingine: mwaka 1997 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia, pamoja na meli nyingine, kurudisha watu zaidi ya 75,000, na Liemba peke yake ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Waliposhuka melini, ziwa lilibaki nyuma, na njia ya vijijini ikawa ni ya miguu na ya kamyo.

Jinsi kamyo zilivyobaki peke yake

Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na reli fupi kutoka bandari ya Kalundu, hapo Uvira, kupita bonde la Ruzizi hadi Kamaniola. Ilifungwa kabla ya uhuru. Tangu hapo, mzigo wa Kivu ya Kusini unaotembea nchi kavu uko juu ya kamyo: upande wa kaskazini kupanda milima ya Ngomo kwenda Bukavu, upande wa kusini kufuata ziwa kupita Makobola, Swima, Mboko, Nundu hadi Baraka, halafu kupanda tena kwenda Fizi.

Ni njia inayojaribu motere kila namna. Kiangazi kuna vumbi linaloziba radiateri. Masika kuna matope: kamyo inatembea polepole kwa vitesi vidogo, motere inalia sana, lakini hewa ya mwendo haiingii. Kwenye miinuko mzigo wote unavutwa nyuma. Miaka hii ya karibuni ziwa nalo limepanda na kula sehemu za barabara.

Mpaka miaka ya 1970 mwanzoni, vipuri vilikuja kwa wafanyabiashara wageni wenye maduka na madepo mijini. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianizasio: maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa Wazaire, wengi wao wakiwa watu wa serikali na wa chama. Wengi hawakujua kazi ile, wala hawakuwa na namna ya kuagiza mali ng'ambo. Rafu zikaanza kuwa tupu. Kamyo ilipokosa kifuniko cha radiateri au pompe ya maji, haikungoja tena wiki moja. Ilingoja miezi, au haikupata kabisa.

Hapo ndipo akili ya makanika wetu ilipong'aa. Walikata mpira wa ndani wa tairi kufunga bomba lililopasuka. Walichonga mti kuziba tundu. Walichomelea radiateri kwa risasi mpaka ikawa nzito kuliko ilivyotoka kiwandani. Halafu vikaja vita vya 1996 na 1998, na mauaji ya hapa Makobola mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999, ambayo hatuwezi kuyasahau. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mitumbwi, wengi mpaka Nyarugusu, ng'ambo ya Kigoma. Kuanzia 2005 familia zilianza kurudishwa kwa meli hadi Baraka, na kutoka Baraka kamyo zikawapeleka vijijini. Kamyo nyingi za njia hii ni kuukuu: Mercedes-Benz za namna ya 911 na 1113, ambazo motere yake ya silinda 6 imeenea Afrika nzima, na Fuso za Kijapani zilizokwisha kufanya kazi kwingine kabla hazijafika kwetu.

Ujuzi ule wa miaka ya shida tunauheshimu. Lakini mambo matatu yaliyozaliwa nao tunapaswa kuyaangalia upya.

Desturi tatu

Ya kwanza ni kutoa termostati. Termostati ni mlango mdogo unaojifunga na kujifungua wenyewe kwa moto. Motere ikiwa baridi, mlango unafungwa, maji yanabaki ndani ili motere ipate joto upesi. Kwa kamyo nyingi, yakifika karibu digrii 80 unafunguka, maji yanakwenda kwenye radiateri. Mlango ukishika ukiwa umefungwa, motere inachemka kwa dakika chache. Shofere aliyekwama njiani bila kipuri alifanya vizuri kuutoa: alifika nyumbani. Kosa lilikuja kesho yake, pale hakuna aliyerudisha mwingine.

Wengi wanafikiri bila termostati motere inapoa zaidi. Katika motere nyingi si kweli. Kuna njia fupi ya maji inayorudi kwenye motere bila kupita kwenye radiateri. Termostati ikifunguka inaziba njia ile fupi. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto yanazunguka humo humo, na kamyo inachemka mlimani hata kama radiateri ni nzima. Halafu kwenye tambarare na asubuhi ya baridi motere haipati joto lake, inakula mazuti mengi, na silinda zinakwisha upesi.

Ya pili ni kifuniko. Kifuniko cha radiateri kina springi na mpira. Kinabana maji ili yasichemke mapema. Hapa ziwani tuko karibu mita 770 juu ya bahari, na maji ya sufuria yanachemka karibu digrii 97. Bukavu, karibu mita 1,500, yanachemka karibu digrii 95. Kamyo inayotoka Uvira kupanda Ngomo inapoteza hizo digrii mbili wakati ule ule motere inapofanya kazi ngumu kuliko yote. Kifuniko kizima chenye nguvu ya nusu ba kinasogeza kuchemka hadi karibu digrii 110. Cha ba moja, hadi karibu 119. Ukiweka kitambaa, mfuko wa plastiki au kifuniko cha kitu kingine, umerudi kwenye gari la Benz la mwaka 1886: maji yanakwenda hewani.

Ya tatu ni maji ya ziwa. Yako karibu, ni mengi, ni ya bure. Lakini Ziwa Tanganyika lina chumvi nyingi za mawe, hasa manyezi, ambazo nyingine zinaletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Mama anayechemsha maji ya ziwa kila siku anaujua ukoko mweupe ndani ya sufuria. Ukoko ule ule unashika ndani ya motere na ndani ya vijibomba vya radiateri. Unafanya kama blanketi: moto haupiti. Kila bidoni unayoongeza inaleta ukoko mpya. Kamyo inayovuja kidogo na kuongezwa maji ya ziwa kila siku inajijengea ukuta ndani kwa ndani. Kwa dharura, maji ya ziwa ni sawa. Kwa kila siku, tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, na ukipata dawa ya radiateri, changanya kama kopo linavyosema, maana inazuia kutu na kusogeza kuchemka.

Kutafuta ugonjwa kwa utaratibu

Joto ni dalili, kama homa. Daktari hatibu homa bila kuuliza. Na makanika mzuri anaanza na swali moja: kamyo inachemka wakati gani?

Ikichemka imesimama au inatembea polepole kwenye matope, lakini inapoa ikipata mwendo, shida iko kwenye hewa. Angalia ventilateri na mkanda wake. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati: ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, umelegea. Ukiwa unang'aa au una mafuta, unateleza. Angalia pia kama ile duara ya bati au plastiki inayozunguka ventilateri ipo. Kamyo nyingi zimeipoteza, na bila hiyo ventilateri inapiga hewa ile ile bila kuivuta kupitia radiateri.

Ikienda vizuri tupu, lakini ikachemka ikiwa na mzigo na mlima, shida mara nyingi ni maji yasiyopita vya kutosha: radiateri imeziba, termostati haifunguki yote au imetolewa, au pompe ya maji imekwisha. Osha radiateri kwanza kwa nje, ukimwaga maji kutoka upande wa motere kwenda mbele, ili matope, majani na wadudu watoke kwa njia waliyoingilia. Motere ikisha kuzimwa na kupoa kiasi, pitisha kiganja mbele ya radiateri: sehemu zilizo baridi kabisa wakati nyingine ni za moto ndizo zilizoziba. Kumbuka pia kwamba kila kijibomba kilichozibwa kwa risasi hakifanyi kazi tena. Radiateri iliyofungwa vijibomba 10 katika 100 imepoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu yake.

Ikichemka upesi baada tu ya kuwasha, mpira wa chini ukiwa bado baridi, shuku termostati. Itoe, itie kwenye sufuria ya maji jikoni, chemsha huku ukiangalia. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, imekufa. Hakuna jaribio rahisi kuliko hilo, na linafanyika hata kijijini.

Ikiwa maji yanapungua, tafuta yanakotoka. Chini ya pompe kuna tundu dogo: likidondosha maji, pompe inakwisha. Kwenye viungo vya mipira, alama ya kutu au ya unga mweupe inaonyesha penye kuvuja. Mpira unaonyonywa na kulala bapa motere inapopoa unasema kifuniko hakipitishi hewa kurudi.

Ikiwa maji yanapungua na huoni pa kuvujia, hapo ndipo pa kuogopa. Motere ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, tazama: mapovu yakitoka mfululizo tangu mwanzo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Moshi mweupe usioisha, au mafuta ya motere yaliyogeuka kama maziwa, ni ushahidi mwingine. Jwenti ya kilasi imeungua, au kilasi chenyewe kimepinda au kupasuka. Kamyo hiyo isiendelee na safari. Kuongeza maji hakutasaidia.

Na usisahau visivyo vya maji: breki inayoshika muda wote, mazuti yanayopigwa kwa saa isiyo yake, na mzigo kupita kiasi. Motere iliyopewa kazi ya kamyo mbili inatoa moto wa kamyo mbili.

Kuna Magirus-Deutz za zamani ambazo hazina radiateri ya maji kabisa. Zinapozwa kwa hewa. Hizo nazo zinachemka. Mkanda ukikatika au mapezi ya silinda yakijaa matope na mafuta, zinakufa kimya kimya, bila mvuke wa kumwonya mtu.

Kilicho mikononi mwetu

Sindano ikipanda, shofere apunguze mwendo, ashushe kitesi, atafute mahali pazuri pa kusimama kabla mvuke haujatoka. Aiache motere izunguke taratibu dakika chache ikiwa bado ina maji. Ikiwa maji yamekwisha, azime mara moja. Kifuniko kisifunguliwe kwa haraka: maji yaliyobanwa zaidi ya digrii 100 yanaruka usoni. Ngojeni nusu saa au zaidi, mpaka mkono uweze kushika mpira wa juu. Halafu maji yaingizwe kidogo kidogo, motere ikizunguka. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanapasua kilasi, na kilasi ni bei kubwa kuliko vipuri vyote tulivyotaja leo: termostati, kifuniko, mkanda na mipira miwili.

Nanyi mnaopanda juu ya mizigo, hasa familia zinazohama, mna haki ya kuuliza kabla ya kulipa: maji yameangaliwa? Mkanda wa akiba upo? Bidoni ya maji safi ipo? Shofere mwenye kazi yake hatachukia swali hilo. Watoto wasikae mbele ya kabini iliyofunguliwa wakati wa kungoja ipoe. Wengi wanaungua hapo kwa kutaka kuona.

Wenye kamyo, gharama ya kurudisha termostati na kifuniko kizima ni ndogo kuliko siku moja ya kulala njiani. Makanika wa miaka ya shida walitufundisha kufika nyumbani bila vipuri. Leo vikipatikana Uvira au Bujumbura, virudishwe mahali pake.